Siku 75 Bila Mhadhara: Vyuo Vyetu, Korona na Somo la Redio Tulilolisahau

Tarehe 18 Machi 2020 serikali iliagiza vyuo vikuu na vyuo vya kati vyote nchini vifungwe. Jumatatu ya tarehe 16, siku mbili kabla ya amri hiyo, mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizifunga shule za awali, za msingi na za sekondari kwa siku 30. Zamu ya vyuo ikafuata. Wanafunzi walikunja magodoro, wakabeba mabegi, wakajaza vituo vya mabasi. Milango haikufunguliwa tena hadi tarehe 1 Juni. Ukihesabu tangu siku ya amri hadi mkesha wa kufunguliwa, unapata siku 75.

Historia ya siku hizo huzungumzwa kwa nadra. Tunapotaja vyuo vikuu na korona, mara nyingi tunasimulia habari za wengine: profesa wa Ulaya mbele ya kompyuta, wanafunzi wake wakiwa vyumbani mwao, mtihani ukifanyika mtandaoni. Ni kweli kwamba dunia iliguswa yote. Shirika la UNESCO lilikadiria mwezi Aprili 2020 kwamba wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa. Lakini kisa cha ufundishaji kuhamia mtandaoni hakikuwa kisa chetu. Katika sehemu kubwa ya vyuo vyetu ufundishaji haukuhamia popote. Ulisimama.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka ni kwamba hatukuwa na mtandao wa kutosha. Naona maelezo hayo yana ukweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayonifanya niandike. Nchi hii iliwahi kuwafundisha mamilioni ya watu kwa masafa wakati vijiji vyake vingi havikuwa na umeme, wala simu, wala barabara inayopitika mwaka mzima. Kama tuliweza mwaka 1973, swali la kihistoria ni hili: ni kitu gani tulichokuwa nacho wakati ule ambacho mwaka 2020 hatukuwa nacho?

Nichukue mfano wa bonde la Kilombero, kwa kuwa huko swali hili linaonekana wazi zaidi kuliko Dar es Salaam.

Ifakara ni mji wa kufundisha na kutafiti tangu zamani. Mwaka 1949 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Basel, alifika bondeni humo ambako wamisionari Wakapuchini kutoka nchini mwake walikuwa wamekwisha kuweka makazi na huduma za tiba. Mwaka 1957 maabara ndogo ikafunguliwa. Mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, kikaanzishwa kituo cha kuwafundisha watumishi wa afya wa vijijini. Kutokana na maabara ile ilikua taasisi ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Ifakara Health Institute, na ambayo jina lake hutajwa popote duniani panapozungumzwa malaria. Mwaka 2010 kikaongezeka Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko cha sayansi za afya, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kando ya hospitali ya rufaa yenye jina hilo hilo. Mji ambao wengi waliujua kwa mpunga, kivuko na reli ya TAZARA ukawa pia mji wa madaktari wanafunzi.

Elimu ya namna hiyo ina tabia yake. Hufundishwa kwa mkono, kwa jicho na kwa sikio. Mwanafunzi wa udaktari husimama kando ya kitanda, huona ngozi iliyopauka, husikiliza mapigo ya moyo, hukosea mbele ya mwalimu na kurekebishwa hapo hapo. Hakuna kioo cha simu kinachoweza kumpa mtu hisia ya bandama lililovimba chini ya vidole vyake. Kwa hiyo, hata kama Ifakara ingekuwa na mtandao wenye kasi ya Basel, sehemu kubwa ya mafunzo ya wodini isingeweza kuhama. Hilo tulikubali bila ubishi. Lakini famakolojia, takwimu za afya, nadharia ya magonjwa ya milipuko, vitu vinavyosomwa kwa kitabu na kwa maelezo, vingeweza. Na hayo ya nadharia ndiyo yanayobeba masomo yote katika vitivo vya sheria, elimu, biashara na sayansi za jamii nchini kote.

Sasa mfikirie mwanafunzi yeyote wa bonde hilo, awe anasoma Ifakara kwenyewe, Mwanza au Dodoma, ambaye Machi ile alirudi nyumbani. Kama kwao ni Viwanja Sitini, ndani ya mji wa Ifakara, alikuwa na bahati: mnara wa simu uko karibu, umeme upo, duka la vocha liko jirani. Lakini wengi kwao ni mbali zaidi, upande wa Mlimba, au ng'ambo ya mto Kilombero, Malinyi na Mahenge. Na tarehe zenyewe zilikuwa mbaya. Siku zile 75 ziliangukia ndani ya masika. Kilombero ni bonde la mafuriko, moja ya maeneo oevu makubwa ya Afrika Mashariki, na masika ndiyo majira ambayo maji hutawala. Ndiyo pia majira ya mpunga. Kwa desturi ya muda mrefu, familia nyingi za bonde huhama mjini na vijijini kwenda kuishi mashambani kwa wiki au miezi, kwenye madungu na vibanda, kupalilia, kulinda mpunga dhidi ya ndege, kisha kuvuna. Kijana aliyerudi nyumbani akiwa na nguvu zake hakuachwa akae mjini kusubiri ujumbe wa mhadhiri. Alikwenda shambani na wenzake, kama inavyostahili mtoto wa nyumba. Na huko shambani hakuna mnara.

Mtu wa mipango akiambiwa habari hii atasema: tujenge minara. Naunga mkono. Lakini minara na nyaya tulianza kuvijenga muda mrefu kabla ya korona. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukasambazwa mikoani katika miaka iliyofuata. Vyuo vyetu vikubwa vilikuwa na majukwaa ya kujifunzia mtandaoni zaidi ya muongo mmoja kabla ya 2020. Benki ya Dunia ilizindua Chuo Kikuu cha Afrika cha mtandaoni tangu mwaka 1997, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa washiriki wake. Vifaa vilikuwepo, japo si vya kutosha na si kwa wote. Nionavyo mimi, mazoea ndiyo yaliyokosekana. Majukwaa yale yalitumika hasa kama kabati la kuwekea madesa, na mwanafunzi aliyapakua akiwa ndani ya kampasi, kwa mtandao wa chuo. Alipotoka kampasi, kabati lilibaki nyuma yake.

Hapa ndipo inapotubidi turudi mwaka 1973.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imekwisha kujaribu kampeni ndogo za redio, na mwaka 1973 ikaanzisha kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha vipindi kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu na kifua kikuu. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili, katika nchi iliyokuwa na watu wasiozidi milioni 15. Vijijini redio zenyewe zilikuwa chache.

Siri ya mafanikio yale haikuwa redio peke yake. Kampeni ilisimama juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza lilikuwa sauti: kipindi cha redio kwa saa inayojulikana. Figa la pili lilikuwa kitabu: kijitabu chepesi, chenye herufi kubwa na picha, kilichochapwa kwa wingi na kufika mkononi mwa kikundi kabla ya kipindi. Figa la tatu, ambalo ndilo lililobeba uzito, lilikuwa mtu: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kabla, mmoja kwa kila kikundi cha majirani. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, wakaamua la kufanya, wakaenda kuchimba choo au kufyeka vichaka. Redio ilipokatika kwa mawimbi mabaya, kitabu kilikuwepo. Asiyejua kusoma alisomewa na jirani. Figa moja likiyumba, mengine mawili yalishika chungu.

Utaratibu huo ulitumika tena kwa jambo gumu zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa rika la shule aingie darasani ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo. Kuanzia mwaka 1976 serikali ikawachukua vijana waliomaliza elimu ya msingi, ikawapeleka kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa posta, kwa redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowatembelea. Hadi programu hiyo ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya 35,000 walikuwa wamehitimu. Ubora wao ulilaumiwa, na lawama nyingine zilikuwa za haki: vijitabu vilichelewa, wakufunzi hawakuwa na usafiri, vijana walibebeshwa mizigo miwili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini sasa tulifundishwa herufi zetu za kwanza na walimu wa aina hiyo. Digrii zetu zimejengwa juu ya elimu ya masafa, hata kama hatuzitaji hivyo.

Mrithi wa moja kwa moja wa mapokeo hayo ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi mwaka 1994 chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Waasisi wake walielewa somo la mafiga matatu: waliweka vituo mikoani, wakachapa vitabu vya masomo, wakapanga vipindi vya kukutana ana kwa ana. Lakini vyuo vyetu vya kawaida, vyenye mabweni na kumbi za mihadhara, viliitazama elimu ya masafa kama shughuli ya watu wengine, njia ya pembeni kwa mtumishi aliyeko kazini. Kwa hiyo janga lilipofika, ujuzi uliokuwa ndani ya nchi kwa karibu miaka 50 haukuwa ndani ya kuta za vyuo vilivyouhitaji.

Si kwamba dunia haikuwa na mfano. Mwaka 1937 mlipuko wa polio uliufanya mji wa Chicago uchelewe kufungua shule zake. Walimu waliwafundisha watoto wapatao 315,000 kwa redio, magazeti yakachapa ratiba na maswali ya kila siku, na wazazi wakapewa namba ya simu ya kuwauliza walimu. Sauti, karatasi na mtu wa kumuuliza: mafiga yale yale. Hapa kwetu, Aprili 2020, wanafunzi wa shule walipata vipindi vya redio na televisheni vilivyoandaliwa kwa ajili yao. Kwa vyuo vikuu hakuna aliyefikiria redio. Ilionekana, nadhani, kwamba redio ni ya wanakijiji na watoto, na chuo kikuu kikihama lazima kihamie kwenye kompyuta. Tulipoona kompyuta hazitoshi, tukakaa.

Msomaji anaweza kuniuliza: je, majirani zetu waliohamia mtandaoni walifanikiwa? Kenya ilifunga vyuo katikati ya Machi 2020, na baadhi ya vyuo vyake, hasa vile vilivyokwisha kujizoeza, viliendelea na mihadhara kwa mtandao. Mwezi Julai puto za kampuni dada ya Google zilianza kurusha intaneti angani kwa ushirikiano na Telkom Kenya, zikashangiliwa, na mapema mwaka 2021 mradi ukatangazwa kufungwa. Wanafunzi wa kaunti za mbali walibaki kupanda vilima kutafuta mawimbi. Uganda ilifunga mwezi huo huo wa Machi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi vyuoni Oktoba 2020, na shule zake hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Mjadala wa haki ulikuwa mkali huko: je, ni halali kumfundisha mwenye kompyuta na kumwacha asiye nayo?

Kwa kipimo hicho wapo wanaosema Tanzania ilichagua vema. Hatukuwafungia watu majumbani. Tarehe 21 Mei Rais John Magufuli alitangaza kwamba vyuo vitafunguliwa Juni 1, na wote waliokosa mihadhara walikuwa wameikosa sawa. Hoja hii ina nguvu na sitaki kuipuuza. Siku 75 ni chache ukilinganisha na miezi ya majirani, na usawa wa kukosa una heshima yake mbele ya ubaguzi wa kupata.

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa makini. Muda wetu wa kufungwa ulikuwa mfupi kwa sababu ya uamuzi wa kisiasa wa kufungua. Vyuo havikuwa na maandalizi yoyote yaliyoufupisha. Uamuzi huo ulikuja katika kipindi ambacho takwimu za ugonjwa zilikuwa zimeacha kutangazwa tangu mapema Mei, na wimbi la mwanzoni mwa mwaka 2021 lilitukumbusha kwamba ugonjwa ulikuwa bado nasi. Tarehe 17 Februari 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, baada ya chama chake kusema hadharani kwamba ameambukizwa. Siku hizo vyuo vilikuwa wazi, na kama vingelazimika kufungwa tena, tungekuwa pale pale tulipokuwa Machi 2020. Anayeokolewa na bahati hana sababu ya kujisifu kwa kujua kuogelea.

Tena usawa wa kukosa haukuwa usawa kamili. Muhula ulibanwa, vipindi vikaongezwa jioni na mwishoni mwa wiki ili kufidia. Aliyekuwa mjini na vitabu alirudi akiwa amesoma. Aliyetoka kwenye dungu la mpunga alirudi na mikono migumu na daftari lililosimama pale lilipoachwa Machi, kisha wote wawili wakaketi mtihani mmoja. Hata kusubiri kuna matabaka yake.

Na kufungwa kwa vyuo si jambo la korona pekee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa mwaka 1990 kwa mgogoro wa kisiasa, wanafunzi wakarudishwa makwao hadi mwaka uliofuata, na wakati huo pia hakuna mhadhara uliowafuata. Kesho sababu inaweza kuwa ugonjwa mwingine, au mafuriko, ambayo watu wa Ifakara hawahitaji kufundishwa maana yake.

Basi tufanye nini? Kila chuo kiwe na mpango ulioandikwa, na mpango huo ujibu maswali matatu kabla ya kununua programu yoyote. Sauti itamfikiaje mwanafunzi asiye na bando? Redio za jamii zipo karibu kila wilaya, na faili la sauti ni jepesi mara nyingi kuliko video. Karatasi itamfikiaje? Kitini cha muhula mzima kinaweza kuchapwa na kukabidhiwa wiki ya kwanza ya masomo, kikakaa begini mwa mwanafunzi hata kama chuo hakifungwi. Na mtu je? Hapa ndipo penye kazi. Katika bonde la Kilombero wapo walimu wa sekondari wenye digrii, wapo matabibu, wapo watafiti, wapo wahitimu wanaosubiri ajira. Chuo kinaweza kuwatambua mapema, kuwafunza kwa siku chache na kuwalipa posho, ili kila wilaya iwe na mahali ambapo wanafunzi kumi wa vyuo mbalimbali wanaweza kukutana, kusoma pamoja na kusahihishwa. Mwaka 1973 tulipata watu 75,000 wa namna hiyo, wengi wao wakiwa na elimu ya msingi tu. Leo tunaambiwa haiwezekani kupata 75 katika bonde lililojaa wasomi?

Mtandao nao una nafasi yake, na bei yake ni suala la haki. Aprili 2021, kelele za wananchi kuhusu kupanda kwa bei za vifurushi zilikuwa kubwa hadi mamlaka zikasitisha viwango vipya. Kama bando ni sehemu ya darasa, basi liingie katika hesabu za mkopo wa mwanafunzi kama vile chakula na vitabu. Lakini tusirudie kosa la kudhani kwamba anayenunua bando amenunua elimu.

Wazee wetu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hawakuanza kwa kuuliza wana redio ngapi. Walianza kwa kuuliza nani ataketi na nani. Swali hilo bado linawasubiri maseneti ya vyuo vyetu, na linawasubiri sasa, wakati milango iko wazi. Mlango ukishafungwa, mwanafunzi wa Malinyi atakuwa ameshavuka mto, yuko shambani, na sauti yetu haitamfikia.